Nyuzi 24 za luti ya baroque, na ninavyozichagua

Usiku wa kwanza niliokaa na luti chumbani nilikata nyuzi tatu, zote za mahali pamoja: ule uzi mwembamba wa juu kabisa. Wa kwanza ulikuwa wa milimita 0.42. Ulipokatika nikasema huu mwembamba mno, nikafunga wa 0.44. Nao ukakatika, karibu palepale. Nikaleta wa 0.46, nikazungusha kigingi taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa. Tap! Ukanichapa kidole. Asubuhi nikavipeleka vipande vyote vitatu kwa mwalimu wangu, nimevitia kwenye bahasha. Hakuifungua. Aliniuliza, "A yako umeiweka wapi?" Nikamwambia 440, kama watu wote. Akacheka mpaka akavua miwani.

Mimi ni mtu wa Unguja. Udi nimeushika tangu nina miaka kumi na minne, na nilipofika Bremen, Ujerumani, kusoma muziki nilidhani luti ni udi uliovalishwa koti. Ukoo ni mmoja kweli, na jina limetoka hukohuko: al-ud ya Waarabu ndiyo iliyozaa "luti" kwenye ndimi za Wazungu. Lakini udi unapigwa kwa risha, una nyuzi 11 au 12, na unavumilia. Luti ya baroque (muziki wa Ulaya wa miaka ya 1600 hadi 1750 hivi), hii ya Wajerumani wa karne ya 18, inapigwa kwa nyama ya vidole, ina nyuzi 24 katika safu 13 (safu ni uzi mmoja, au jozi inayopigwa pamoja), na uso wake wa mbao una unene wa milimita moja na nusu hivi. Nyuzi zote zikishakazwa, uso huo unavutwa kwa kilo 70 hivi, yaani uzito wangu mimi nikiwa nimeshiba. Kwa hiyo ukikosea nyuzi, kosa haliishii kwenye sauti tu.

Haya nayaandika kwa aliyetoka kwenye gitaa au udi, ana luti ya safu 13 mkononi, ya kuazima au ya kununua, na anataka kuagiza nyuzi.

Pima kabla hujaingia dukani

Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima kuanzia kile kipande cha mfupa kilicho shingoni, pale uzi unapoanza kuwa huru, mpaka ukingo wa daraja kule chini ulikofungwa. Yangu ni sentimita 70. Nyingi huwa karibu na hapo, kati ya 67 na 72, lakini usikisie, maana sentimita tatu zinatosha kukuharibia hesabu.

Kisha tazama kichwa. Luti za safu 13 ziko namna mbili. Namna ya kwanza ina kichwa kidogo kilichopachikwa pembeni mwa kile kikubwa, nacho hubeba safu ya 12 na ya 13 peke yake, na nyuzi hizo hurefuka kwa sentimita tano hivi. Namna ya pili ina shingo ya ziada iliyopinda kama ya batamaji, na Wajerumani wenyewe huiita hivyo. Hapo safu ya 9 mpaka ya 13 zinakwenda mbali, karibu mita nzima. Pima kila kundi peke yake. Mtu mwenye batamaji akinunua besi za mwenye kichwa cha pembeni atakuwa amenunua kamba za kuanikia nguo.

Jambo la pili ni kimo cha A, ile noti ambayo ala nzima hutyuniwa kwayo. Wapiga muziki wa baroque wengi leo huweka A kwenye hezi 415 (mitetemo 415 kwa sekunde), ambayo ni nusu sauti chini ya 440. Wengine hushuka hata 392. Hapo ndipo nilipoangukia mimi usiku ule, na hesabu yake ni fupi. Chukua urefu wa uzi kwa mita, zidisha kwa mtetemo wa noti unayoitaka. Uzi wa utumbo wa kondoo, au wa sintetiki unaouiga utumbo, usiupeleke kupita 240. Uzi wa kwanza wa luti hii ni F. Kwa A ya 440, F hiyo ni hezi 349. Zidisha kwa 0.70 unapata 244. Umeshapita. Kwa A ya 415, F ni hezi 330, jibu ni 231, na uzi unakaa. Kwa 392 unapata 218 na unalala usingizi.

Umeona kwamba unene haumo kabisa kwenye hesabu hiyo? Hilo lilinichukua muda kulikubali. Baba yangu alikuwa mvuvi, na nyumbani kwetu mshipi mnene ulikuwa wa samaki mkubwa, mwembamba wa samaki mdogo, basi. Kwa akili hiyo nilikuwa napanda 0.42, 0.44, 0.46. Lakini uzi mnene ni mzito zaidi pia, na ili ufike kwenye noti ileile lazima uuvute zaidi, kwa kiasi kilekile ulichoongeza nguvu. Kwenye luti ukinenepesha mshipi, na samaki naye ananenepa. Uzi ukikatika kwenye noti fulani, dawa ni kushusha kimo au kubadili aina ya uzi. Kuongeza unene ni kuongeza mzigo kwenye daraja tu.

Mkazo

Kutoka juu, safu sita za kwanza ni F, D, A, F, D, A. Zikipigwa wazi zinatoa kodi (noti zinazolia pamoja) ya D minor, ndiyo maana watu husema luti ya D minor. Kisha besi zinashuka ngazi kwa ngazi: G, F, E, D, C, B, A. Safu ya kwanza na ya pili ni uzi mmoja mmoja. Ya 3 mpaka ya 5 ni jozi ya nyuzi pacha. Kuanzia ya 6 mpaka ya 13 kila besi ina mwenzake aliye oktava moja juu. Hesabu: mbili, na jozi 11. Ishirini na nne.

Kwa urefu wa 70 na A ya 415, mimi hutumia 0.42 kwa safu ya kwanza, ambayo inakaa kwenye mkazo wa kilo 3.9. Ya pili 0.48, kilo 3.6. Kuanzia ya tatu, ambako kuna nyuzi mbili, kila uzi unashuka mpaka karibu kilo 2.9: safu ya tatu 0.58, ya nne 0.72, ya tano 0.86. Hizo ni namba za utumbo. Yule mwenzake wa oktava kwenye besi nampunguzia tena, kilo 2.5 hivi, kwa sababu uzi mwembamba una sauti kali na ukiuachia utaifunika besi iliyo kando yake. Utasikia oktava tu, huku besi yenyewe ikinung'unika nyuma.

Kama urefu wako si 70, usinakili namba zangu. Fanya hesabu hii: ukirefusha uzi kwa asilimia tano, unene upunguze kwa asilimia tano, na mkazo utabaki ulipokuwa. Watengenezaji wengi pia wana vikokotoo kwenye tovuti zao. Unaingiza urefu, noti na mkazo, kinakupa unene.

Mtu wa gitaa atasema kilo tatu ni chache, nyuzi zinalegea. Atazikuta laini, ni kweli. Wiki mbili za kwanza mkono wangu wa kulia, uliozoea risha, ulikuwa unazipiga mpaka zinagongana. Nikaona niongeze mkazo. Nikaagiza seti nzima iliyofungwa kwenye pakiti moja, duka moja la mtandaoni, imeandikwa "luti ya safu 13" bila urefu wala kimo. Nikaifunga yote siku moja, mwezi wa Januari, hita inawaka mchana kutwa na hewa imekauka kama ndani ya tanuri la mkate. Saa tisa usiku nikasikia mlio kama mtu amevunja dafu kwa panga. Daraja lilikuwa limeng'oka upande wa besi. Fundi aliligundisha tena, akaniuliza nyuzi zilikuwa na mkazo gani, nikamwambia sijui. Alinitazama vile ambavyo baba yangu alikuwa akimtazama mtu aliyekwenda baharini bila kujua maji yanajaa au yanatoka.

Kwa hiyo seti isiyokuandikia urefu na kimo iache. Na kama luti ni ya zamani, au ya kuazima, anzia chini: kilo 2.7 kwa jozi. Kupandisha baadaye hakuna shida.

Uzi wa nini?

Utumbo wa kondoo ndio uliotumika enzi zile, na mpaka leo kuna wanaousokota. Sauti yake ina mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa noti, kama herufi iliyotamkwa sawasawa, kisha inazima mapema. Naupenda. Lakini uzi wa kwanza wa utumbo kwangu hukaa wiki mbili, tatu ukinihurumia, na kila mvua ikinyesha natyuni upya. Ukiununua, upime kwa njia ya zamani kabla hujaufunga: shika ncha mbili, uukaze mikononi, mtu mwingine auguse katikati. Ukiona picha mbili safi za uzi, kama mistari miwili iliyochorwa, ni mzuri. Ukiona ukungu, au mstari wa tatu unaochezacheza katikati, uzi huo haukusokotwa sawa na hautakubali kutyuniwa hata ukesha nao.

Anayeanza namshauri Nylgut, ya Aquila wa Vicenza, Italia. Ni sintetiki nyeupe yenye uzito sawa na utumbo, hivyo namba zilezile za utumbo unazitumia bila kubadilisha. Kasoro yake ni kurefuka. Siku nne tano za kwanza utaukaza, utakwenda kunywa chai, ukirudi umeshuka.

Nailoni ni nyepesi kuliko utumbo, kwa hiyo lazima iwe nene zaidi: badala ya 0.58 utahitaji 0.64. Kwenye nyuzi za juu inakubalika. Kuanzia safu ya nne inakuwa nene na butu, kama mtu anayeongea na shuka mdomoni. Mimi siitumii huko.

Kaboni, yaani fluorokaboni, ni nzito kuliko utumbo, kwa hiyo inakuwa nyembamba: 0.58 inageuka 0.50. Inang'aa, inashika tyuni, haijali mvua. Na hapa nilifika nyumbani bila kutarajia, maana ni mshipi wa kuvulia huohuo. Kuna wapiga luti wengi Ulaya wanaonunua rola la fluorokaboni kwenye duka la wavuvi na kukata nyuzi zao. Nami nafanya hivyo kwa zile oktava za juu. Ila mambo mawili. Namba iliyoandikwa kwenye rola usiiamini; pima kwa maikromita, sehemu tatu tofauti za mshipi, na kama zinatofautiana kwa zaidi ya 0.01 liache hapo dukani. Pili, hakikisha ni fluorokaboni tupu, kwani ipo mishipi ya nailoni iliyopakwa fluorokaboni kwa nje. Tupia kipande majini: fluorokaboni inazama haraka, nailoni inasitasita. Baba yangu angekuonyesha hilo bila kujua luti ni kitu gani.

Kuchanganya si dhambi. Ila katika jozi moja ya nyuzi pacha weka aina moja, la sivyo kidole kinakanyaga uzi mmoja mnene na mwingine mwembamba, na freti za juu zinakataa kuwa sawa.

Besi

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wengi wanapochoka wakanunua chochote.

Safu ya 13, A ya chini kabisa, kwa kimo cha 415 ni hezi 52 tu. Kwenye luti ya kichwa cha pembeni, yenye sentimita 75, uzi wa utumbo mtupu ungelazimika kuwa na milimita 2.1 ili ufike mkazo wa kutosha. Huo ni ugwe, hautetemi, unagonga tu. Na matundu ya daraja kwenye luti za zamani zilizobaki ni madogo, hayapitishi kitu cha namna hiyo. Kwa hiyo uzi unahitaji uzito usioletwa na unene.

Njia iliyozoeleka ni kuuzungushia waya wa shaba. Si jambo la kisasa: nyuzi za namna hiyo zilishatangazwa London mwaka 1664. Ila za leo ni nyororo na zina nguvu kuliko za enzi hizo, na zinalia mno. Ukiwa na gitaa hilo ni jambo la heri. Kwenye luti ya baroque ni balaa, kwa sababu besi saba za chini karibu kila mara zinapigwa wazi, hakuna kidole cha mkono wa kushoto cha kuzikata. Chukua kipande cha Weiss, yule mpigaji wa kasri la Dresden aliyefariki 1750. Muziki wake una besi zinazotembea D, C, B, A. Kwa shaba mpya, ukifika A ile D bado inalia, na C, na B, zote zimekaa pamoja kama abiria wa daladala. Inabidi kidole gumba kirudi kuzizima moja moja, na hicho ndicho kidole ulichokihitaji kwa noti inayofuata.

Nimejaribu dawa tatu. Ya kwanza ni kuzizeesha. Nyuzi za shaba zikipigwa miezi miwili mitatu mng'ao unakwisha na mlio unafupika. Kwa hiyo besi zangu za shaba sikuzitupa mpaka zilipokatika, na rafiki yangu mmoja wa gitaa alishangaa kila alipokuja: nyuzi alizoona zimekufa ndizo nilizokuwa nikizitunza. Ya pili ni nyuzi zilizochanganywa unga wa metali ndani yake, kama zile nyekundu za Aquila ziitwazo CD. Zinatoa sauti ya mviringo inayozima yenyewe. Ndizo nilizonazo sasa kwenye safu ya 7 mpaka ya 13. Ni laini, zinavutika kama mpira, na ukizipiga kwa nguvu sauti inapanda kidogo kisha inarudi. Mkono lazima ujifunze adabu. Ya tatu ni utumbo uliosokotwa kama kamba, nyuzi ndani ya nyuzi. Hii inafaa zaidi mwenye shingo ya batamaji, kwani kwa mita nzima unene unashuka mpaka unakuwa wa kawaida.

Safu ya sita ni mtoto wa katikati. Utumbo mtupu ungekuwa 1.14, mnene na mzito kwa kidole. Shaba inapiga kelele karibu na ya tano isiyo na shaba. Nimeweka CD. Wengi huweka shaba kuukuu.

Kumbuka pia kwamba besi zinahamahama. Kipande kikiwa cha G minor utashusha safu ya 9 iwe E flati na ya 12 iwe B flati. Kikiwa cha D major utapandisha ya 8 iwe F shapu na ya 11 iwe C shapu. Nusu sauti moja inabadilisha mkazo kwa asilimia 12. Chagua unene ambao uzi ukishushwa haupigi mbao, na ukipandishwa haulii kama zumari. Mimi hupiga hesabu kwa noti ile ninayoitumia mara nyingi zaidi, halafu najaribu nyingine kwa sikio.

Kuagiza na kufunga

Andika karatasi yenye mistari 24: safu, noti, urefu, unene, aina. Kwa nyuzi zenye shaba, namba inayoandikwa mara nyingi si unene wake halisi. Ni unene wa utumbo wenye uzito sawa. Watengenezaji hawafanani katika hilo, kwa hiyo ukiagiza kwa namba usisahau kutaja ni namba ya utumbo. Uzi wa kwanza agiza mitatu. Na kama unabadili aina ya nyuzi, ukitoka shaba kwenda CD kwa mfano, pima mifereji ya mfupa shingoni. Uzi mnene ukibanwa kwenye mfereji mwembamba unakwama, kisha unaruka ghafla, nawe unalaumu kigingi. Risasi ya penseli kwenye mfereji husaidia.

Usivue nyuzi zote kwa pamoja. Uso uliozoea kilo 70 ukiachiwa ghafla unatikisika, na daraja ndilo linaloumia. Toa mmoja, funga mmoja, ukianza na besi. Kwenye kigingi mizunguko miwili mitatu inatosha, ukiuelekeza uzi ukutani mwa kichwa ili ukisukume kigingi ndani ya tundu lake. Siku ya kwanza uweke seti nzima sauti moja chini, siku ya pili nusu sauti chini, siku ya tatu ndipo ufike 415. Uzi wa kwanza uache mpaka nyingine zote zimetulia.

Ile karatasi ya mistari 24 naiweka ndani ya kasha, chini ya kitambaa, na kila nikibadilisha uzi naandika tarehe kwa penseli kando ya namba yake. Safu ya kwanza imeshajaa upande wote wa kulia, imebidi nigeuze ukurasa.